Daktari wa Meno Ajibu: Mgonjwa Akizirai Kitini

Barua zilizotufikia tangu toleo lililopita zimezunguka jambo moja: mtu huingia kwa daktari wa meno na jino bovu, na akiwa kitini likamzukia jingine lisilohusu jino. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, na majina sikuyaandika kwa ombi la wenyewe.

Daktari, assalaam alaikum. Nilimsindikiza mume wangu kung'oa gego katika kliniki moja ya hapa mjini. Alipopigwa tu sindano ya ganzi, midomo ilimgeuka rangi, kijasho chembamba kikamtoka, akazirai kitini. Msaidizi alikimbia nje kuita watu, naye daktari akawa anampiga vibao vya mashavu na kummwagia maji. Baada ya muda alizinduka mwenyewe. Tangu siku hiyo najiuliza: je, madaktari wa meno hufunzwa mambo ya dharura, au wao ni meno tu? — Bi. wa Likoni

Wa alaikum salaam, Bi. wa Likoni, na pole kwa fadhaa iliyokupata. Kwanza nikutulize. Kwa jinsi ulivyoeleza, mumeo alizirai kwa kuzirai kwa kawaida, na hakuna dharura inayotokea mara nyingi kuliko hiyo katika kiti cha daktari wa meno. Mtu akiingiwa na hofu, au akiiona sindano, au akiwa na njaa tangu asubuhi, neva inayoudhibiti moyo huupunguzia kasi ghafla, mishipa ya damu hulegea, damu ikajaa miguuni na ubongo ukapungukiwa. Dalili huanza kwa miayo, kichefuchefu na jasho. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kupauka kwa uso hakuonekani upesi, bali hutazamwa midomoni na ndani ya kope, ambako wekundu huondoka ikabaki rangi ya jivu.

Dawa yake ni kiti chenyewe. Kiti hulazwa, mgonjwa akawa chali na miguu yake ikawa juu kuliko moyo, vifungo vya shingo vikalegezwa, pamba na kila kilichomo kinywani kikatolewa, na kwa kawaida katika dakika moja au mbili hufungua macho akauliza yuko wapi. Mwenye mimba kubwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo huukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Vibao havina kazi hapo, na maji yanaweza kuingia katika njia ya hewa ya mtu asiyeweza kumeza. Lililo baya zaidi, ambalo jamaa hulifanya kwa huruma, ni kumketisha wima aliyezirai, kwani ubongo huendelea kunyimwa damu. Na dakika mbili zikipita asizinduke, daktari hana ruhusa tena ya kuamini kwamba huyu amezirai tu: hapo hutazama kama anapumua, hupima sukari na presha, hufikiria moyo, kifafa na mzio, yaani aleji.

Sasa swali lako. Ndiyo, hufunzwa. Katika miaka 5 ya shahada ya upasuaji wa meno mwanafunzi husoma mwili mzima na dawa zake, wala si taya pekee. Kasoro haiko chuoni. Iko katika miaka inayofuata, kwa sababu daktari anaweza kuziba na kung'oa meno kwa muongo mzima asikutane na moyo uliosimama hata mara moja, na siku utakaposimama mikono yake itakuwa imesahau kile ambacho kichwa bado kinakikumbuka. Msaidizi aliyekimbia nje kuita watu hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuambiwa kazi yake siku hiyo ni ipi.

Nchini Uingereza, baraza linalosimamia madaktari wa meno linataka wawepo angalau watu wawili wa kukabili dharura kila mgonjwa anapotibiwa, na linapendekeza kila mmoja apate mafunzo hayo kwa saa 2 au zaidi kila mwaka, zisizopungua saa 10 katika miaka 5. Orodha ya dawa wanazotakiwa kuwa nazo ni fupi: adrenalini kwa mzio mkali, aspirini ya kutafuna kwa mshtuko wa moyo, nitrogliserini ya kupuliza chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, salbutamoli kwa pumu, glukosi na glukagoni kwa sukari iliyoshuka, midazolamu kwa kifafa kisichokoma, na oksijeni kwa karibu yote hayo. Sehemu kubwa ya orodha hiyo si ghali, na ukilinganisha na bei ya kiti kimoja cha meno utaona kwamba kisingizio cha gharama hakisimami.

Mkirudi kliniki, msione haya kuuliza oksijeni iko wapi, na ni nani atakayeileta. Daktari aliyejiandaa atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri. Akianza kwa kusema, "Hapa hakujawahi kutokea kitu," nyinyi tafuteni kwingine.

Na upande wenu pia upo. Ile fomu ya maswali mnayopewa mlangoni, ambayo wengi huijaza "hapana, hapana, hapana" ili wamalize upesi, ndiyo macho ya daktari. Mwenye pumu aje na kipulizio chake na kiwekwe mezani karibu naye, kisiachwe garini. Mwenye dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Na wanaume, nawaomba mniwie radhi kwa kulisema hadharani: ukiwa umetumia dawa za nguvu za kiume, mwambie daktari, hata ikibidi mkeo atoke nje kidogo, kwa sababu ukishikwa na maumivu ya kifua ukapuliziwa nitrogliserini ilhali ulimeza sildenafili ndani ya saa 24 zilizopita, presha inaweza kuporomoka vibaya.

Daktari, mwaka jana nilipigwa ganzi, na mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, nikahisi nakufa. Yule daktari aliniambia nina aleji ya ganzi. Tangu hapo kila kliniki ninayokwenda nikisema hivyo hunirudisha. Meno mawili yameoza. Nifanye nini? — Ndugu wa Kisauni

Ndugu yangu, neno "aleji" limekukalia kama deni usilolikopa. Sijakupima, kwa hiyo sitalifuta kwa kalamu, lakini ulichokieleza kinafanana sana na kitu kingine. Dawa ya ganzi tunayoitumia zaidi, lignokaini, huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ijikaze na ganzi ikae muda mrefu. Katika kichupa kimoja cha mililita 1.8 huwemo mikrogramu 18 hadi 22 hivi za adrenalini hiyo. Kiasi hicho kikiingia moja kwa moja katika mshipa wa damu badala ya kubaki katika nyama, moyo hudunda kwa nguvu, mikono hutetemeka, na mtu huhisi mauti yamemfikia. Kisha, baada ya dakika chache, hali hutulia bila dawa. Daktari hujikinga na hilo kwa kuvuta kidogo nyuma kabla ya kusukuma dawa, aone kama damu inaingia katika kichupa, na kwa kusukuma polepole. Sindano iliyosukumwa kwa haraka ni kosa la mkono wa daktari. Na hofu pekee, bila kosa la mtu yeyote, huweza kuleta hali hiyohiyo.

Mzio wa kweli una sura nyingine. Ngozi huwasha na kufanya mabaka yaliyovimba, midomo na kope hufura, sauti hukauka, kifua hupiga miluzi, presha hushuka. Mzio wa lignokaini yenyewe ni nadra sana; mara nyingine mtu huwa na shida na kihifadhi kinachowekwa pamoja na adrenalini, au alikuwa na mzio wa glavu za mpira au wa penisilini aliyoimeza siku hiyohiyo, lawama ikaiangukia ganzi.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wagonjwa wangu nikiwaeleza. Mtu akishikwa na mzio mkali, dawa ya kumwokoa ni adrenalini hiyohiyo, tena kwa wingi: miligramu 0.5 katika msuli wa paja, yaani zaidi ya mara 20 ya ile iliyokutetemesha, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijabadilika.

Basi ukienda kliniki nyingine usianze kwa kusema "nina aleji". Eleza kilichotokea: baada ya sekunde ngapi, kilidumu muda gani, je ulivimba, je uliwashwa, ulipewa dawa gani. Omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mzio ukapimwe ngozi, na majibu uyatunze pamoja na kitambulisho chako. Ipo pia ganzi isiyo na adrenalini, kama mepivakaini ya asilimia 3, inayotosha kwa kazi fupi.

Mwanangu daktari, mimi ni mtu mzima wa miaka 63, nina kisukari na nachoma insulini. Jino la chini lanisumbua na Ramadhani imekaribia. Binti yangu ataka kunipeleka alasiri nikiwa nimefunga, ndiyo nafasi anayopata kazini. Je, kuna neno? — Mama wa Mji wa Kale

Shikamoo mama. Neno lipo, na binti yako naomba alisome pia.

Alasiri ya mfungo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mtu wa insulini kukaa katika kiti changu. Sukari huwa imekuwa ikishuka tangu daku, na hofu ya sindano huificha dalili: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na maneno ya kuchanganya ni dalili za sukari kushuka, na ni dalili za woga vilevile, kwa hiyo daktari asiye mwangalifu atakwambia, "Usiogope mama," wakati unazama. Ikiwezekana njoo kabla ya mwezi kuandama. Njoo asubuhi, umekunywa chai yako na mahamri na mbaazi kama kawaida, umechoma insulini yako, na kile kipimo chako cha sukari kimo mkobani. Lakini taya likivimba usingoje Idi, kwa sababu usaha wenyewe huipandisha sukari na kuifanya isidhibitike.

Hapa kuna mtego ambao watu hawauoni. Ganzi ya taya la chini hukaa katika mdomo na ulimi kwa saa 3 hadi 5. Ukichoma insulini ya futari kisha ukashindwa kutafuna kwa sababu nusu ya mdomo haina hisia, insulini inafanya kazi na chakula hakijaingia. Nimemwona mgonjwa aliyetoka kliniki akiwa mzima kabisa, akaangukia nyumbani baada ya magharibi kwa sababu hiyo tu. Uji mwepesi uandaliwe kabla, na kabla ya kuchoma muulize daktari wako wa kisukari kuhusu kipimo cha siku hiyo.

Sukari ikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita kabla sijaanza, siling'oi jino. Ukiwa na fahamu zako nitakupa gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani vijiko 3 au 4 vya chai katika maji, au nusu ya soda ya mililita 300, kisha nitapima tena baada ya dakika 15. Halua haifai, ijapokuwa wengi huikimbilia. Samli yake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Ukipoteza fahamu hutiliwi kitu mdomoni, hata asali. Hudungwa glukagoni miligramu 1 katika msuli, na gari la wagonjwa huitwa. Hukumu ya funga yako nawaachia mashekhe, lakini hiyo sukari italiwa palepale.

Jirani yetu hutengeneza meno ya bandia nyumbani kwake, na hung'oa pia kwa bei nafuu. Je, ni salama? — Msomaji wa Changamwe

Si salama. Anayeng'oa ni lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Rejesta iko wazi mtandaoni, tafuta jina lake. Mgonjwa akizirai sebuleni kwa jirani yako, hapo hakuna hata kiti cha kulaza.

Daktari shikamoo. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno huku Bamburi, mwaka wa pili sasa. Kazi niliifunzwa na msaidizi aliyenitangulia: kuosha vifaa, kuchanganya dawa za kuzibia, kushika bomba la mate. Sanduku la dharura lipo kabatini lakini sijawahi kuliona likifunguliwa. Juzi mgonjwa alishikwa na kifafa na mimi nikaganda kama gogo. Ningefanya nini? — Binti wa Bamburi

Marahaba binti yangu. Usijilaumu, na nitakueleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya Jumamosi wagonjwa walipokwisha, nilijilaza katika kiti changu mwenyewe na kuwaambia wenzangu: mimi nimeshikwa na mzio mkali, niokoeni. Nilikuwa na hakika kwamba tuko tayari, maana sanduku nililinunua kwa pesa yangu na orodha niliibandika ukutani. Msaidizi wangu alikwenda kabatini, akaondoa maboksi mawili ya glavu na moja la barakoa ndipo akalifikia. Akalifungua. Chupa ya adrenalini ilikuwa imepitwa na tarehe kwa miezi mitatu. Hata kama ingekuwa nzima, hatukuwa na bomba la sindano la kuivutia, kwa sababu mabomba yetu ya meno hupokea vichupa vilivyojazwa tayari, hayavuti dawa kutoka katika chupa nyingine. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, ila ufunguo wake hatukuuona. Baadaye tuliukuta katika droo ya risiti. Nililala pale nikitazama taa, nikahesabu dakika saba, na katika hesabu hiyo mimi nilikuwa nimekwisha kufa.

Kwa hiyo usingoje kuitwa katika semina. Kwa mgonjwa wa kifafa kazi yako ilikuwa hivi: toa kila kilichomo kinywani kama kinatoka kwa urahisi, vuta meza ya vifaa mbali na mikono yake, shusha kiti mpaka chini, tazama saa. Usimshikilie na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Pana na wa kusema ana upepo, afukizwe ubani. Huyo mtoe nje kwa adabu. Degedege zikikoma mgeuze ubavu ili mate yatoke. Zikipita dakika 5 bila kukoma, daktari atoe midazolamu nawe upige simu.

Simu nayo ina kazi yake. Atakayepiga awe mmoja, anayejulikana tangu asubuhi, na namba iwe ukutani: ya gari la wagonjwa mnalolitegemea, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Akishapiga ateremke asimame barabarani, kwani madereva wengi hupoteza muda wakiutafuta mlango ambao wewe waujua. Kliniki zilizo ndani ya Mji wa Kale, ambako gari halipiti vichochoroni, ziwe zimekubaliana mapema gari litasimama wapi na machela itapita wapi. Kwenye maghorofa, pimeni ngazi. Hospitali ya kumpeleka isimkatae, kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Ujue pia hesabu ya mtungi wenu. Mtungi mdogo wa lita 340, ukifunguliwa kwa lita 15 kwa dakika, humalizika katika dakika 22 hivi. Sasa fikiria gari linalotoka kisiwani saa kumi na moja jioni, lipite Daraja la Nyali likufikie Bamburi. Kama mtungi wenu ni mmoja na mshale umefika nusu, hamna oksijeni ya kutosha, na hilo halihitaji shahada kulisema.

Kisha joto letu. Glukagoni huwekwa katika friji, na ikikaa nje haitakiwi kuzidi nyuzi 25. Adrenalini nayo haitaki joto wala mwanga. Sanduku lililo juu ya kabati karibu na dirisha, mwezi wa Februari hapa Mombasa, linapika dawa zake polepole, hata kama tarehe ya juu ya chupa bado inasema ni nzima.

La mwisho ni moyo ukisimama, mgonjwa asiitike wala kupumua sawasawa. Kiti kilazwe kabisa na kigoda cha daktari kisukumwe chini ya mgongo wa kiti, kwa sababu bila hicho kiti hunesa na nguvu ya mikono yenu inapotea. Kifua kikandamizwe katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Utachoka upesi kuliko unavyodhani. Badilishaneni kila dakika 2.

Jumatatu ukifika, kabla hujawasha kompresa, litoe hilo sanduku kabatini ulifungue mezani, andika tarehe ya kila dawa katika karatasi moja, fungua mtungi usikie kama unatoa hewa, kisha mpelekee daktari wako hiyo karatasi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Akikuuliza nani amekutuma, mwambie ni mimi.